Nimelala Marangu, na Sitaki Kunyamaza

Nianze na hukumu, maana tangu nishuke kutoka huko nimeshindwa kuituliza moyoni: Hoteli ya Marangu ni nzuri mno! Nimeshawapigia simu ndugu, nimewasimulia majirani, nimewashika watu mkono nje ya kanisa baada ya ibada, na sasa nawaandikia hata nisiowajua. Kama unakaa Moshi, kama kwenu ni Kilimanjaro, au kama unapita tu barabara ile kwenda Rombo kwa shughuli zako, nakusihi ukalale pale walau mara moja.

Nasema kulala. Kupiga picha getini na kunywa soda ukaondoka hakutoshi. Sehemu kubwa ya utamu wa pale inakuja baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza, saa ambazo mpita njia hazipati.

Sisi wa Shirimatunda mlima tunao machoni kila asubuhi. Tunautazama kujua kama mvua ipo, tunawaonyesha wageni, tunauweka kwenye picha za harusi. Lakini tunautazama kutoka chini, kwenye vumbi na joto la mji. Hoteli ya kihistoria iliyo juu kwenye mteremko wenyewe, kwenye migomba na mito, wengi wetu tunaihesabu kuwa ni mahali pa wazungu wanaojiandaa kupanda. Hilo ndilo ninalotaka kulipinga kwa nguvu zangu zote. Ile ni hoteli yetu kabla ya kuwa yao, na anayeujua mlima huu kwa kuzaliwa ndiye atakayeifaidi kuliko mwingine yeyote.

Fikiria wenzetu wanavyofanya. Kule Italia, Ufaransa na Hispania watu huweka akiba mwaka mzima ili wakalale usiku mmoja tu katika mji wa kale uliojengwa juu ya kilima, wenye kuta za mawe na vichochoro. Hispania serikali yenyewe ina mtandao wa hoteli uitwao Paradores, ulioanzishwa mwaka 1928, na nyingi kati ya hoteli hizo zimo ndani ya ngome, majumba ya watawala na nyumba za watawa za zamani. Mgeni analipia kitanda, na analipia pia kulala mahali ambapo historia ilitokea.

Sasa, historia ya miinuko tunayo! Wachagga hawakubanana ndani ya ukuta mmoja; walijaza mteremko mzima. Machame, Kibosho, Old Moshi, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika: kila nchi na Mangi wake, yaani mtawala wake, na mipaka yake ikifuata mabonde na mito inayoshuka kutoka msituni. Ngome za mawe pia zilikuwepo. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na ya kwake, na Wajerumani walilazimika kuja na jeshi mwaka 1891 ili kumshinda. Old Moshi ndiko walikomnyonga Mangi Meli, Machi 1900. Hii ni milima yenye kumbukumbu nzito, na Marangu imebahatika kuwa na nyumba ya wageni ambayo imekaa katikati ya kumbukumbu hizo kwa miaka zaidi ya tisini.

Safari yenyewe ni rahisi. Unapanda basi dogo stendi ya Moshi, unapita Kiboriloni na Uchira, unafika Himo, pale njia panda unaacha barabara ya Taveta, unakata kushoto na kuanza kupanda. Hapo mambo yanabadilika haraka. Dakika chache tu mahindi makavu ya tambarare yamekwisha, migomba imeingia pande zote mbili, na hewa inayopita dirishani imepoa kabisa. Hoteli iko kando ya barabara hiyo, kabla hujafika Marangu Mtoni.

Ukivuka geti unakuta bustani, na bustani hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Ni ekari 12. Ekari kumi na mbili za ukoka, maua, ua wa miti uliokatwa vizuri, na miti mikubwa ambayo huwezi kuikumbatia peke yako. Vyumba vimetawanyika humo ndani katika nyumba za chini, kila moja na kimvuli chake, kwa hiyo hupandi ngazi wala lifti, na hupigani na kelele za mtu wa chumba cha juu. Nilisimama pale na begi mkononi nikaona aibu kuongea kwa sauti. Mahali pale hakuna mtu anayekimbia. Kuna bwawa la kuogelea, na kuna eneo la ukoka ambapo wenye mahema yao huruhusiwa kuyapiga, lakini nafasi ni kubwa kiasi kwamba hakuna anayemsumbua mwenzake. Wengine wakisikia hoteli ya kifahari wanawaza marumaru na taa zinazoning'inia. Anasa ya Marangu ni nafasi, ni ubaridi, ni mtu kukuuliza unataka chai saa ngapi kisha akaileta saa ileile.

Mzee aliyenibebea begi alikuwa mtu mzima wa kumsalimia kwa heshima zote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umetokea wapi?"

"Shirimatunda."

"Ah, basi wewe si mgeni. Karibu nyumbani."

Alisema hivyo huku akitembea, bila kugeuka, na mimi nikamfuata nyuma nimejaa furaha hadi mlangoni.

Chumbani sitakaa sana. Ni kisafi, kitanda ni kizuri, maji ya moto yapo, na blanketi ni zito, jambo ambalo mtu wa mjini hulidharau saa kumi jioni na kulishukuru saa nne usiku. Nimelala usingizi ambao Moshi ya Januari hainipi.

Historia ya nyumba hii ni tamu kuliko chumba. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa shamba la kahawa la familia ya wahamiaji wa Kicheki. Mwaka 1932 nyumba ya shamba ikaanza kupokea wageni wanaolipa. Tazama mwaka huo vizuri. Ni miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi duniani, bei ya kahawa imeanguka, na kila anayeishi kwa kahawa kwenye mlima huu anatafuta njia ya kupumua. Wakulima Waafrika walikuwa wameshajiunga tangu 1925 katika chama chao cha KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika ambao jengo lake bado tunalipita pale mjini. Kwa hiyo miaka ileile ambayo Wachagga wanajipanga kuuza kahawa yao kwa pamoja, shamba hili linafungua milango kwa wapanda mlima. Nilipokunywa kahawa kibarazani asubuhi nililiwaza hilo na kikombe kikawa na uzito mwingine. Vitu vyote hivi vimetoka kwenye zao moja!

Sasa nije kwenye chakula cha jioni, maana hapo ndipo hoteli hii inapojitenga na nyingine zote.

Chakula huletwa kwa awamu: supu, kisha chakula chenyewe, kisha kitindamlo. Hakuna haraka. Supu ilikuja ya moto hasa, ile ya kupuliza kila kijiko, na mkate pembeni. Lakini kinachoshiba pale ni macho na masikio. Ukumbini mnakaa watu wa aina mbili tu. Wapo wanaopanda kesho: wanakula kidogo, wanauliza maswali mengi, wanapapasa mifuko yao kuhakikisha glavu zipo. Na wapo walioshuka leo: nyuso zimeungua jua, midomo imepasuka, wanatembea kwa magoti yaliyokaza, na wanakula kwa furaha ambayo sijaiona hata siku ya Krismasi. Meza hizi mbili hutazamana. Wa kwanza wanawaangalia wa pili kwa hofu na wivu. Wa pili wanatabasamu tu. Mimi nilikaa katikati, mtu wa Shirimatunda aliyekuja kulala tu, na nikawa nimepata kiti cha mbele kuliko wote.

Wageni wale hawakufikishwa kileleni na miguu yao pekee, na hoteli hii inalijua hilo. Imekuwa ikiandaa safari za mlimani kwa miaka mingi, pamoja na mpango wa zamani ambao mgeni hujitegemea kwa chakula na vifaa vyake, na hoteli inampangia waongozaji, wapagazi na nafasi kwenye vibanda. Wapagazi hao ndio ndugu zetu tunaowaita wagumu. Ni vijana wa Marangu, wa Old Moshi, wa Pasua, wa Majengo. Kila mtaa wa Moshi una mgumu wake. Mzigo wa mgumu hupimwa kwa mizani kwenye geti la hifadhi, na ukomo ni kilo 20, anazopandisha kwenye baridi ili mtu mwingine akute hema limesimama na maji yamechemka. Hoteli ya Marangu ni mshirika wa mradi wa kutetea wapagazi wa Kilimanjaro, ule unaofuatilia kama mgumu amelipwa ipasavyo, amekula milo yake, amelala mahali pakavu. Kwangu mimi hicho ni kipimo cha hoteli nzuri kuliko idadi ya mito kitandani. Asubuhi niliwaona wakikusanyika na mabegi yao, wakitaniana, mmoja akifunga kamba za viatu vya mwenzake aliyekuwa na mzigo tayari kichwani. Nikajisikia fahari ambayo sina maneno yake.

Na asubuhi hiyo!

Amka kabla ya saa kumi na mbili. Nakuomba. Mawingu ya Kilimanjaro hayana urafiki na mlalaji. Ikifika saa tatu mara nyingi yameshafunika kila kitu. Nilitoka nimejifunga blanketi, ukoka umelowa umande, na Kibo, kilele kikuu cha mlima, ilikuwa wazi yote juu ya miti. Kulia kwake Mawenzi. Kutoka mjini Mawenzi huonekana pembeni tu, watu wengi hata hawaitaji, lakini ukiwa Marangu umeshasogea upande wake, na yale majabali yake yaliyochongoka, mita 5,149, yanakukodolea macho. Mwanga ulianza kwenye barafu ya Kibo ukashuka taratibu. Barafu hiyo si ya kuihesabu kuwa itakuwepo daima: ya mwaka 1912, asilimia 85 hivi ilikuwa imeshatoweka ilipofika 2007. Kwa hiyo mwenye mtoto ampeleke akaione sasa, kutoka mahali pazuri, akiwa amevaa sweta.

Baada ya kifungua kinywa usirudi kitandani, toka kwa miguu. Hoteli hii ina uzuri wa pili ambao haumo ndani ya ua wake, nao ni Marangu yenyewe. Chukua kijana wa kukuongoza, ingieni kwenye njia za vihamba, yale mashamba yetu ya migomba, na hapo ndipo utakapoona kwa nini naulinganisha mteremko huu na miji ya kale ya Ulaya bila kusita.

Kitu cha kwanza nilichokitaka ni mfereji. Nilichuchumaa kando ya mmoja kwa muda mrefu hadi kijana aliyeniongoza akadhani nimepoteza kitu. Maji yalikuwa na upana wa hatua moja, yakienda bila sauti pembeni ya mteremko, wala hayakuporomoka bondeni. Yalifuata ubavu wa kilima kwa mwinamo mdogo usioonekana kwa jicho. Penye njia ya kuingilia kihamba cha mtu paliwekwa jiwe, udongo na kipande cha mgomba. Ukikitoa kile kipande, maji yanageuka na kuingia kwake. Ukikirudisha, yanaendelea kwa jirani. Ni hivyo tu. Kumbe hivyo tu imebeba mlima mzima kwa karne kadhaa kabla ya Mzungu yeyote kufika: maji yanatekwa juu mtoni, yanagawanywa kwa zamu, na asiyekwenda kuusafisha mfereji siku ya kazi zamu yake ina mashaka. Mwinamo ule ulipimwa na wazee bila chombo chochote cha kiwandani. Kuta za mawe za Ulaya ni nzuri, lakini mimi mnipe mfereji.

Kisha mapango. Hapo Marangu na vijiji jirani yapo mahandaki yaliyochimbwa na Wachagga ili kujificha na mifugo yao wakati wa vita, vita na Wamasai na vita vya Mangi kwa Mangi. Mlango ni mwembamba, unaingia umeinama, karibu unatambaa, na ndani giza linakushika mara moja. Waongozaji husimulia kwamba udongo uliochimbwa ulimwagwa mtoni ili adui asione kichuguu kipya akajua, na kwamba mlangoni alikaa mtu mwenye silaha akimngoja adui aingize kichwa. Niliweka kiganja ukutani nikasikia alama za zana zilizochimba. Ukuta wa baridi, wenye michirizi ya mkono wa mtu. Nilitamani kila mwanafunzi wa mkoa wetu aguse pale.

Ukiendelea upande wa Ashira utakuta habari za Mzee Yohani Kinyala Lauwo, mwana wa Marangu anayetajwa kuwa miongoni mwa walioongoza msafara wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni Oktoba 1889. Msafara ule ulianzia hapahapa, kwa ridhaa ya Mangi Marealle. Miaka mia moja baadaye Mzee Lauwo alikuwa bado hai, akaheshimiwa kwenye sherehe za kumbukumbu hiyo, na alifariki 1996. Kilele chenyewe sasa kinaitwa Uhuru, mita 5,895, na usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha huko bendera na mwenge. Mambo haya yote yanapatikana kwa mwendo wa miguu na simulizi kutoka kitanda kimoja. Hoteli gani nyingine inakupa hivyo?

Jirani yake wa zamani, Hoteli ya Kibo, naye anastahili kutajwa kwa heshima. Ilianza enzi za Wajerumani, mwandishi Evelyn Waugh alifikia huko mwaka 1959, na Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, mwaka 1988. Ninachotaka kusema ni kwamba dunia nzima imekuwa ikipanda barabara ile ya Himo kwa miaka mia moja kuja kulala kwenye mteremko wetu, huku sisi tukiwapungia mkono kutoka kwenye daladala.

Mchana nilikula mtori Marangu Mtoni, bakuli la moto la ndizi zilizopondwa na nyama, kwenye banda ambalo bibi mmoja alinisalimia "Shimbonyi" kabla hata sijakaa. Nilirudi hotelini jioni nikaogelea. Ndiyo, unaweza kutoka kwenye mtori wa bibi ukaenda kwenye bwawa la kuogelea chini ya Mawenzi, siku hiyohiyo. Nani anataka Dubai?

Kila Desemba tunapanda kwetu kwa maelfu. Barabara ya Himo inafurika magari kutoka Dar es Salaam, mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa, watoto wanalala sita kwenye chumba kimoja. Naipenda desturi hiyo na sitaki ibadilike hata kidogo. Naongeza jambo moja tu: baba na mama waliozalia watoto wao kwenye mteremko huu, wakalima kahawa yake, wakasafisha mifereji yake, wapelekeni wakae kibarazani pale siku moja, waletewe chai na mtu mwingine, watazame mlima wao bila kazi yoyote mkononi. Mzee wa kwenu aliyekuwa akiwabebea mizigo wageni ujanani, mketishe kwenye ukumbi ule wa chakula awe yeye ndiye mgeni. Hiyo ni zawadi kuliko televisheni kubwa.

Ukitaka utulivu kamili, nenda miezi ya mvua za masika, Machi mwishoni hadi Mei, wapanda mlima wakiwa wachache. Utapata bustani karibu yote peke yako, ingawa mlima utajificha mara nyingi. Ukitaka mlima uwe wazi na ukumbi uwe na wapandaji wa kuwatazama, nenda Januari, Februari, au kuanzia Juni kuendelea. Juni hadi Agosti ni baridi kweli, usifanye mchezo. Piga simu kabla ya kwenda na uulize bei ya wakazi. Beba sweta, viatu vya kutembelea na nguo za kuogelea, na mwambie mtu wa mapokezi akuamshe saa kumi na moja na nusu.